Jenerali, jirani yangu na karatasi ya dada

Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024 nilimsindikiza mpwa wangu akapige kura yake ya kwanza. Alikuwa na miaka 17. Mwaka ule ndio mara ya kwanza Ubelgiji kuwaachia vijana wa miaka 16 na 17 wachague wabunge wa Ulaya, na hapa kura si hiari ya mtu, ni wajibu wa kisheria. Kituo chetu kilikuwa shule moja hapa hapa Koekelberg, si mbali na stesheni ya metro ya Simonis. Kwenye foleni walikuwepo Wamoroko, Wakongo, Waromania, na vikongwe wa Kibelgiji waliokuja na mbwa wao. Kijana akaingia, akabonyeza kompyuta, ikamtolea karatasi, akaitumbukiza ndani ya sanduku, akatoka.

"Ndiyo hiyo tu, mjomba?"

Nikamwambia ndiyo hiyo tu, twende nyumbani chai inapoa.

Mlangoni mwa jengo letu tulimkuta jirani wa ghorofa ya pili amekaa kwenye ngazi na sigara yake. Ni Mwitaliano, dereva wa tramu mstaafu, umri wake umeshapita 70. Kazaliwa Ubelgiji, lakini pasi yake mpaka leo ni ya Italia. Yeye alikuwa ameshapiga kura jana yake, kwani Waitaliano wanaoishi nchi nyingine za Ulaya huruhusiwa kuchagua wabunge wa kwao, na vituo vyao vilifunguliwa tarehe 7 na 8. Mpwa wangu akamuuliza kampa nani. Mzee akainua kidole, akachora alama ya X hewani, akasema kwa Kifaransa chake cha Kiitaliano: "Nimempa jenerali. Yule atafunga mlango."

Kijana akanitazama. Huyu ndiye mzee aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Jenerali mwenyewe anaitwa Roberto Vannacci. Kazaliwa La Spezia mwaka 1968, akasomea uafisa, akawa askari wa miavuli. Ameongoza kikosi maalumu kiitwacho Col Moschin, na baadaye brigedi nzima ya Folgore. Katika orodha ya nchi alizotumwa zimo Somalia, Rwanda, Yemen, Iraq na Afghanistan, kwa hiyo si mtu wa kusimuliwa vita na televisheni. Tena tumpe haki yake: aliporudi Iraq alijitokeza kulalamika kwamba askari wake hawakukingwa ipasavyo na vumbi la silaha za urani. Afisa wa cheo chake kuwasema wakubwa zake namna ile si jambo jepesi, na mzee wa ghorofa ya pili hulitaja hilo kila akibanwa.

Agosti 2023 jenerali alitoa kitabu kwa pesa zake mwenyewe. Kikapanda hadi juu kabisa katika mauzo ya Amazon nchini Italia. Ndani yake amewasema wahamiaji, wanaharakati wa mazingira, wanawake wa kisasa, na karibu kila mtu. Maneno yaliyowasha moto zaidi yalimhusu Paola Egonu, mchezaji wa mpira wa wavu, kwamba sura yake haiwakilishi Uitaliano. Egonu kazaliwa Cittadella, kaskazini mwa Italia, kwa wazazi kutoka Nigeria. Mwaka mmoja baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, huyo huyo Egonu aliisaidia Italia kutwaa dhahabu ya mpira wa wavu wa wanawake, na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Wimbo wa taifa ukapigwa, naye amesimama pale juu na sura yake.

Wakati kitabu kinatoka, Vannacci alikuwa mkuu wa Taasisi ya Jiografia ya Kijeshi mjini Florence, yaani ile ofisi ya jeshi inayochora ramani. Wakamwondoa kwenye ukuu huo. Februari 2024 jeshi likamsimamisha kazi miezi 11. Ungedhani mtu kamalizika. Aprili hiyo hiyo Matteo Salvini, kiongozi wa chama cha Lega, akamtangaza mgombea wa Bunge la Ulaya. Kwenye kampeni akawaambia wapiga kura waweke X juu ya nembo ya Lega, waiite "Decima", jina la kikosi cha zamani ambacho baada ya 1943 sehemu yake ilipigana upande wa Wanazi. Wengine walikasirika, wengine walicheka, na zaidi ya watu laki 5 wakaliandika jina lake kwenye karatasi. Ndiyo ile X ya mzee wangu kwenye ngazi.

Na si yeye peke yake aliyeingia Brussels kwa tiketi ya mipaka. Kwenye orodha ya chama cha Rassemblement National cha Ufaransa alichaguliwa Fabrice Leggeri, ambaye si mwanajeshi, lakini tangu 2015 hadi alipojiuzulu Aprili 2022 ndiye aliyekuwa mkuu wa Frontex, shirika la Ulaya la kulinda mipaka. Aliondoka baada ya uchunguzi juu ya wahamiaji waliorudishwa baharini kinyume cha sheria. Miaka 2 baadaye akaingia Brussels akiwa mbunge.

Sasa msomaji wa Maskati, Dubai au Doha atasema: haya ni mambo ya Wazungu na Wazungu wao, mimi yananihusu nini? Nami nilikuwa nikisema hivyo. Nikaja kugundua kwamba Bunge la Ulaya, lenye viti 720, ndilo linalokaa na serikali za nchi wanachama kuamua ni pasi gani inaingia eneo la Schengen bila viza na ipi haiingii.

Chukua mifano ya huko huko Ghuba. Mwenye pasi ya Imarati anaingia bila viza tangu Mei 2015. Qatar na Kuwait walikaribia sana. Pendekezo la kuwaondolea viza lilitolewa 2022, na Desemba ya mwaka huo ikazuka ile kashfa ya wabunge kutuhumiwa kuchukua fedha, ambamo jina la Qatar lilitajwa, basi faili likasimama. Wakuwaiti hawakuhusika na lolote, lakini walikuwa ndani ya bahasha moja na Qatar. Oman, Bahrain na Saudia wakapata nafuu ya aina nyingine: Aprili 2024 Umoja wa Ulaya ulitangaza kwamba raia wao wataweza kupewa viza ya miaka 5 ya kuingia na kutoka, hata kama ndiyo mara yao ya kwanza kuomba. Na Oktoba 2025 Bunge hilo likapitisha sheria ya kurahisisha kusimamisha msamaha wa viza kwa nchi 61 zilizo nao, Imarati ikiwemo. Sababu za kusimamishwa zimeongezwa, kuuza uraia kwa wawekezaji ni mojawapo. Sisemi Imarati itaguswa. Nasema ufunguo wa mlango huo uko kwenye jengo lililo vituo saba vya metro kutoka kwangu, na jenerali ana sauti ndani yake.

Familia zetu zina tatizo ambalo Mzungu wa kawaida halielewi. Sisi tumezaliwa tumbo moja na pasi mbalimbali. Babu yangu aliingia Zanzibar kwa jahazi la kaskazi, akapanda bara mpaka Ujiji, akavuka ziwa, akafungua duka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Hakuna aliyemuuliza viza. Watoto wakatawanyika. Mama alirudi Oman akapata uraia, yuko Maskati. Mimi na mdogo wangu tulikuja Ubelgiji tukiwa vijana, tuna pasi za hapa. Dada yetu mkubwa aliolewa Bujumbura, amebaki na pasi ya Burundi. Binamu mmoja yuko Dubai na pasi ya Imarati. Tukitaka kula Idi pamoja, kwanza inabidi tuzipange pasi mezani kama karata tuone nani anaweza kwenda wapi. Jawabu siku zote ni moja: tunaenda kwa dada, kwa sababu yeye hawezi kuja kwetu.

Baada ya uchaguzi ule nilikasirika na mzee kiasi cha wiki mbili. Nikikutana naye kwenye ngazi, nasema bonjour napita. Halafu mama akatuma halwa kutoka Maskati, na katika ukoo wetu halwa hailiwi peke yake. Nikagonga mlango wa ghorofa ya pili.

Dirisha la jikoni kwake linatazama kanisa kubwa la Koekelberg, lile lenye kuba la kijani linaloonekana nusu ya Brussels. Mfalme Leopold II ndiye aliyeliwekea jiwe la msingi mwaka 1905, wakati Kongo yote ikiwa bado mali yake binafsi, likaja kumalizika mnamo 1970. Barabara inayolielekea kutoka mfereji mpaka leo ina jina lake. Njia ya chini ya ardhi nayo ilikuwa na jina lake, hadi 2021 ilipobadilishwa ikapewa jina la Annie Cordy, mwimbaji na mwigizaji wa hapa. Naishi kati ya kanisa la mtu huyo na barabara yake, nami najua mpaka wa Burundi na Kongo, ule uliomkata babu na wateja wake wa Uvira, una mkono wake. Sikuyasema hayo kwa mzee. Nilikuwa nimekuja na halwa.

Akaisifu, akasema inafanana na kitu alichokula Sicilia utotoni. Halafu mwenyewe akaanza.

Alinieleza habari za baba yake. Mwaka 1946 Italia na Ubelgiji zilipatana: Italia itoe wanaume, Ubelgiji itoe makaa ya mawe. Baba alisafiri kwa treni, akapimwa afya kama punda, akalazwa kwenye mabanda waliyokuwa wakifungiwa wafungwa wa vita, akashushwa shimoni. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulilipuka katika mgodi wa Bois du Cazier kule Marcinelle, wakafa watu 262, na Waitaliano peke yao walikuwa 136. Baba yake alikuwa mgodi mwingine siku hiyo. Mama yake alikimbia barabarani na mtoto mgongoni bila kujua ni mgodi upi, na mtoto mwenyewe ndiye huyu anayenimiminia kahawa.

"Sisi tuliitwa," akasema. "Tulikuja na mkataba. Hawa wa leo nani kawaita?"

Hapo kuna hoja, nami sitaki kuifanya mzaha. Mtu aliyelipa bei kubwa ya mlango hukasirika akimwona mwingine anapita dirishani. Nimeisikia sentensi hiyo hiyo kwa Kiswahili, kutoka kwa watu wetu wenyewe walioingia Ulaya kwa karatasi halali, wakimsema kijana wa Kisomali aliyekuja kwa boti. Nimeisikia na Maskati, juu ya vibarua wa Kibangali. Tusijifanye malaika.

Nikamuuliza: basi kwa nini jenerali? Ana mwanasheria mzuri kwenye orodha ile ile, ana mwalimu, ana mkulima. Akajibu kama niliyemuuliza kwa nini maji ni maji. "Kwa sababu ni askari. Mpaka ni kazi ya askari."

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko yote. Mwanajeshi mkongwe akigombea, cheo chake kinamfanyia nusu ya kampeni. Watu wanaona gwanda, wanadhani jawabu limo mfukoni. Lakini askari hufundishwa kuulinda mpaka dhidi ya adui anayejulikana. Mpaka ninaoujua mimi hauna adui, una mama yangu na vidonge vyake vya sukari mkobani, una dada yangu na bahasha ya vielelezo. Anayeshughulika nao ni karani, na jeshi halina hapo pa kushika.

Na hata pale ambapo adui yupo kweli, gwanda halitoshi. Wasomaji wa Kenya wanamkumbuka Meja Jenerali Joseph Nkaissery. Alistaafu jeshi, akawa mbunge wa Kajiado ya Kati kuanzia 2002, na mwishoni mwa 2014, baada ya mauaji ya Mandera, akaitwa kuwa Waziri wa Usalama wa Ndani. Nchi ilikuwa na hofu ya haki, watu walikuwa wanakufa, na jenerali alionekana ndiye mtu wa saa ile. Ni katika wakati wake ndipo ulipoanza ukuta wa mpaka wa Somalia, ambao baadaye ulipunguzwa ukawa uzio. Mpaka wenyewe unakaribia kilomita 700. Nkaissery alifariki Julai 2017. Machi 2019 Bunge la Kenya likaamuru kazi isimame, zikiwa zimeshaliwa shilingi bilioni 3.4 kwa uzio wa kilomita 10 hivi. Mbuzi wa Mandera walijifunza kuzunguka.

Tena Ubelgiji yenyewe ina kumbukumbu zake za askari na mwambao wetu. Mwishoni mwa 1992 askari wa miavuli wa Kibelgiji walishuka Kismayu, mji ambao Wabajuni wake wanazungumza Kiswahili kama sisi, wakakaa karibu mwaka mzima. Walikwenda kulinda chakula cha wenye njaa, na wengi walikilinda. Lakini kilichobaki kwenye vichwa vya watu ni picha ya askari wawili wamemning'iniza mtoto juu ya moto. Kesi ilisikilizwa 1997 katika mahakama ya kijeshi, wakaachiwa. Mwaka uliofuata baada ya Kismayu, tarehe 7 Aprili 1994, askari 10 wa miavuli wa Kibelgiji waliuawa Kigali, na familia zao huku hazijapona. Mzee aliniambia mmoja wa abiria wake wa tramu ya asubuhi alikuwa baba wa mmoja wao. Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Tukamaliza kahawa.

Mama alikuja Oktoba 2025. Viza yake ya Oman haikuwa na shida: alilipa yuro 90, bei iliyopanda kutoka 80 siku mbili tu baada ya ule uchaguzi wa Juni, akatoa alama za vidole, akasubiri, akapata. Lakini alifika wakati ule mfumo mpya wa kuingia na kutoka ulipoanza, yaani kuanzia tarehe 12 mwezi ule. Muhuri kwenye pasi ulikuwa unakufa taratibu, mahali pake pakija kompyuta: picha ya uso, alama za vidole, na saa inayohesabu siku zako 90 ndani ya kila siku 180. Mama alitoka uwanjani na kigari chake cha mizigo, hasira zimempanda.

"Wamenipiga picha kama mwizi. Hata kutabasamu wamenikataza."

Mpwa wangu akamwambia bibi, sasa unajulikana Ulaya nzima. Mama akasema wangenijua kwa kunialika chakula.

Dada hakuja. Miaka miwili nyuma aliomba viza ya nchi moja ya Schengen, siitaji, kwa harusi ya binti wa shangazi. Alipeleka kila kitu: hati ya kiwanja, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, cheti cha ndoa, picha za watoto anaowaacha. Akajibiwa kwa fomu yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama: kuna shaka ya msingi kwamba hatarudi kwao. Dada yangu ana miaka 58, ana mume, ana wajukuu na duka la vitambaa. Alinipigia simu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: "Hivi wanadhani nakimbia nini?" Na rekodi ya kukataliwa hukaa kwenye mfumo wao wa viza miaka 5, kila ubalozi wa Schengen unaiona.

Mama alitaka kuliona "hilo duka linalouza viza", maneno yake. Basi asubuhi moja mpwa wangu, mama na mimi tukapanda metro Simonis. Ribaucourt, Yser, Rogier, Botanique, Madou, Arts-Loi, tukashuka Trône, tukatembea kidogo mpaka majengo ya vioo ya Bunge. Kuingia ni bure, unaonyesha pasi na kupekuliwa. Wabunge hawakuwepo, vikao vyao vikubwa hufanyika Strasbourg, kwa hiyo ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vimepangwa nusu duara, na pembeni juu vibanda vya wakalimani wa lugha 24. Mama akauliza kama Kiswahili kimo. Hakimo. Akasema basi ndiyo maana.

Halafu akauliza: "Na huyo jenerali wa mzee wenu anakaa wapi?"

Kijana akamwonyesha upande wa kulia, kule mwisho. Mama akautazama muda mrefu ule mkono wa viti vya buluu. Nilidhani atasema neno zito. Akasema vimefagiliwa vizuri.

Mwaka 2025 jenerali aliendelea kupanda. Mwezi Mei alifanywa naibu katibu wa Lega. Amekuwa sauti kubwa ya neno ambalo Waitaliano wanaliita "remigrazione", maana yake kuwarudisha wahamiaji walikotoka, na kwa vinywa vya baadhi ya wanaolitumia, hata waliokwisha kupata karatasi. Mpwa wangu, aliyezaliwa kilomita mbili kutoka nilipo, aliniuliza yeye angerudishwa wapi. Oman hajawahi kuishi, Burundi amekwenda mara mbili kwa Idi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, Italia si Ubelgiji. Aliniangalia kama watoto wanavyotuangalia tukiwadanganya kwa upole.

Lakini kura nazo zina mambo yake. Oktoba 2025 Toscana walichagua serikali ya mkoa, na Vannacci ndiye aliyekuwa mbele kwenye kampeni ya Lega. Mwaka 2020 chama kilipata pale karibu asilimia 22. Safari hii kimeambulia asilimia 4 na kitu. Nikamshushia mzee habari hiyo pamoja na sahani ya biriani ya mama. Akainua mabega. "Toscana wamekuwa wakomunisti siku zote." Uchaguzi mkuu wa Italia unatarajiwa 2027, na yeye ameshaamua. Mama, ambaye hajui Kifaransa wala Kiitaliano, akamwongezea nyama.

Usiku ule, mzee akiwa bado mezani, dada alipiga simu ya video kutoka Bujumbura. Ndiyo kawaida yao yeye na mama kila baada ya Isha. Simu ikazungushwa, kila mtu akasalimia, hata mzee akapunga mkono. Dada akasema kwa Kifaransa, kwa adabu zake za shule ya masista: "Bwana, nasikia wewe ndiye unayewalinda ndugu zangu." Akacheka. Mzee hakucheka. Simu ilipokatika akauliza huyu naye mbona hayupo hapa.

Nikamweleza. Fomu, kisanduku, shaka ya msingi. Nikamweleza na la pili: safari hii tunataka aombe Ubelgiji moja kwa moja, kwa ile hati ya kumdhamini mgeni wanayoiita 3bis. Anayeitia saini anakubali kubeba gharama zote za mgeni, malazi, hospitali, hata nauli ya kumrudisha, na dhamana hiyo inamfunga miaka 2. Lazima uwe Mbelgiji au mkazi wa kudumu, na lazima kipato kifike kima chao. Mimi mkataba wangu ni wa nusu siku, sifiki. Mdogo wangu ana mtoto anayesoma, hafiki.

Mzee akauliza, dereva wa tramu mstaafu anafika?

Nilidhani anatania. Nikamkumbusha ile X. Akasema X ni kwa ajili ya watu asiowajua, huyu ameshazungumza naye. Nikamwambia hiyo si hoja, mzee wangu, kila asiyejulikana ana kaka yake jikoni kwa mtu. Akasema nisimfundishe siasa saa nne usiku, nimpe orodha ya karatasi zinazotakiwa.

Jumanne tulikwenda manispaa, uwanja wa Henri Vanhuffel. Mama alikuja pia, ingawa hakuhitajika, akakaa kwenye benchi na tasbihi yake. Mzee alikuwa amevaa koti la harusi. Mkononi ana faili la plastiki: taarifa za pensheni, kadi yake ya ukazi, nakala ya pasi ya dada niliyoichapa usiku. Mashine ikatutolea namba 64. Ubao ulikuwa unaonyesha 41.

Alisoma ile fomu neno kwa neno, miwani imeshuka puani. Kwenye mstari wa uhusiano na mgeni akasimama, akanigeukia akaniuliza aandike nini. Kwa Kiswahili ningelikuwa na maneno matano ya kumpa. Kwa Kifaransa nikakosa.

Mama akauliza mbona tumenyamaza. Nikamtafsiria. Akasema mwambie aandike jirani.

Akaandika. Tukakaa kusubiri namba yetu.